Kura za Waliokuwa Kazini

Mimi na mume wangu tulikuwa wanachama wa chama cha kusaidiana cha watu wa Bukavu, kule Kongo. Tulikutana Jumapili moja kila mwezi, baada ya ibada, katika ukumbi wa kanisa karibu na Joubert Park. Chama hicho ndicho kilichotuzikia watu wetu na kuwapokea waliofika Johannesburg bila ndugu. Katiba yake ilisema anayepiga kura ni aliyepo ukumbini. Mume wangu alikuwa sekyuriti kwenye duka kubwa, na Jumapili ndiyo siku maduka yanapojaa. Basi mimi nilichagua viongozi, yeye akasikia matokeo nikimpakulia chakula.

Mwaka 2016 alibadilishana zamu na mwenzake ili aje mkutanoni. Si mtu wa maneno. Alisimama, akavua kofia, akaeleza kwamba wanachama wote walio walinzi kama yeye, hata wale wanaoishi mbali huko Diepsloot, wanatoa michango kama wengine lakini hawajawahi kumchagua mtu. Akaomba katiba ibadilishwe, waruhusiwe kutuma kura kwa posta, kwenye sanduku la kanisa.

Mjadala ulikuwa mrefu. Fundi simu mmoja alipendekeza WhatsApp, akajibiwa kwamba huko kila mtu ataona nani kamkataa nani. Kisha mwenyekiti wetu, mama muuza vitenge aliyeongoza chama tangu kianze, akanigeukia.

"Karatasi ikifika nyumbani," akauliza, "tutajuaje kama aliyeandika ni bwana au ni bibi yake?"

Ukumbi ulicheka. Mume wangu hakucheka.

"Mama, huyu nalala naye chumba kimoja miaka yote hii, na bado hajui ninachowaza."

Walicheka zaidi, nami nikacheka, ingawa iliniuma kidogo. Mikono ilipoinuliwa, kifungu kipya kilipita. Karatasi zingegawiwa mapema, kila moja na muhuri wa chama, na bahasha ambayo ingechelewa siku ya kuhesabu isingehesabiwa.

Uchaguzi ulipokaribia, mume wangu aliketi mezani, nyumbani kwetu Turffontein, akaandika huku ameifunika karatasi kwa mkono wa kushoto, kama mwanafunzi anayeogopa kuibiwa majibu. Mimi nilikuwa nashona. Nilimwambia nataka tumchague dada msusi aliyekuwa akishindana na mwenyekiti. Akaitikia "mm", akalamba bahasha, akaipeleka posta mwenyewe.

Bahasha yake ilifika wiki moja baada ya mwenyekiti kushinda kwa kura chache tu. Yule mama alikuja mwenyewe kuirudisha, haijafunguliwa. Nikamtilia chai. Alisema anaona haya hata kuishika, lakini katiba ni katiba. Mume wangu aliipokea kwa mikono miwili, akamshukuru, akaichana vipande vidogo mbele yetu.

Mgeni alipoondoka nilimuuliza alikuwa amemwandika nani.

"Ingehesabiwa usingejua," alisema. "Mbona unataka kujua sasa, haijahesabiwa?"

Nilinuna mpaka kesho yake. Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililonikera.

Mkutano uliofuata alikuwa kazini, basi nikasimama mimi. Niliomba bahasha ihesabiwe kwa tarehe iliyogongwa posta, hata ikichelewa kufika, na matokeo yaisubiri. Wengine walipinga, wakasema matokeo ya kusubiri huzaa maneno. Mwenyekiti aliwasikiliza wote, kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Nimeshika bahasha ya mtu bila kujua kama alinitaka au alinikataa. Sitaki kushika nyingine."

Wakakubali.

Mwaka uliofuata, siku ya uchaguzi, zilihesabiwa kura za ukumbini tu, na mwenyekiti akawa anaongoza. Tukasubiri mkutano wa mwezi uliofuata. Bahasha zilifunguliwa mbele yetu sote, moja baada ya moja, na zilipokwisha msusi alikuwa amempita mwenyekiti. Yule mama alimkabidhi muhuri na ufunguo wa kabati, akaketi kando yangu, akatengeneza kilemba chake.

Nilitoka nje nikampigia mume wangu simu kumpa habari. Nilisikia vigari vya dukani vikigongana nyuma yake. Akauliza kama yule mama yuko sawa. Nilimwambia yuko sawa, anakunywa soda. Akaniambia nisimwache arudi nyumbani peke yake.

Nikarudi ndani, nikamsubiri mama amalize soda yake.