Malengelenge Matatu

Siku ile nilikuwa nafundisha mfumo wa fahamu, kidato cha pili, kipindi cha tatu asubuhi. Shule yetu iko kilomita chache kutoka Ilula, ukishaiacha barabara kuu na wauza nyanya wake. Nimefundisha baiolojia hapo kwa miaka tisa. Nilikuwa nimeuchora ubongo ubaoni, nikawa nawaeleza wanafunzi kwamba upande wa kushoto ndio unaoongoza mkono wa kulia. Chaki ikaniponyoka.

Niliinama kuiokota, vidole vikakataa kushika. Vilikuwa vinacheza. Kilianza kidole gumba, kikafuata cha shahada, vikawa vinajikunja na kujikunjua kwa mpigo mmoja, kama vya mtu anayewarushia kuku mtama. Nilivibana kwa mkono wa kushoto, vikaendelea kucheza ndani ya kiganja changu. Nakumbuka niliwaza, kwa utulivu ambao hadi leo unanishangaza: tatizo liko upande wa kushoto. Kisha mtikisiko ukapanda kwenye kiwiko, ukafika begani, shavu likavutwa kuelekea sikioni. Nikamsikia msichana wa dawati la mbele akisema, "Madam?" Baada ya hapo sina kumbukumbu.

Nilipozinduka nilikuwa nimelala ubavu sakafuni, kichwa kikiwa juu ya kanga iliyonuka moshi na maharage. Mama anayepika chakula cha shule alikuwa amepiga magoti karibu yangu. Darasa lilikuwa tupu. Wanafunzi wote walikuwa nje, wamejazana madirishani. Sketi yangu ilikuwa imelowa. Nilisikia ladha ya damu mdomoni.

"Tulia hivyo hivyo, mwalimu," alisema. "Usiinuke kwanza."

"Nimefanya nini?"

"Umeanguka. Imekwisha."

"Nani alinishika?"

"Mimi. Hawa walikimbia." Alinifunga kanga nyingine kiunoni ili kuficha sketi. "Mdogo wangu alikuwa anaanguka. Mimi siogopi."

Lakini mimi niliogopa, na hofu yangu ilikuwa na sura ya mtu.

Nimekulia milimani, juu ya jiji la Mbeya, kwenye kijiji cha viazi na pareto. Tulikuwa na shangazi, dada yake baba, aliyekuwa anaanguka. Nyumbani hakuna aliyetamka neno kifafa. Walisema tu "ule ugonjwa". Shangazi alikuwa na sahani yake ya bati, na aliyeiosha ni yeye peke yake, kwa sababu watu waliamini kwamba mate yake yakikugusa, nawe utaanguka. Siku moja aliachwa peke yake jikoni akikoroga uji, akaangukia motoni. Aliishi siku tatu. Nilikuwa darasa la nne, na kwa siku hizo tatu sisi watoto tulilala kwa jirani ili tusimsikie.

Kwa hiyo nilipokaa kwenye kiti cha ofisi ya walimu mchana ule, nimevaa kanga ya mpishi, sikuwa nawaza vipimo. Nilikuwa nawaza moto.

Mkuu wa shule alinipa wiki moja ya mapumziko. Niliporudi, wenzangu walinipokea kwa upole mwingi kupita kiasi. Saa nne, wakati wa chai, nikaona vikombe vyote viko kwenye sinia kama kawaida, isipokuwa changu. Changu kilikuwa kimewekwa dirishani, peke yake. Nilikichukua, nikanywa chai yangu, nikakiosha, nikakirudisha dirishani mwenyewe. Hawa ni watu waliosoma, tena wawili wanafundisha sayansi. Sikuwa na hasira. Nilijiuliza kama mimi nisingefanya vile vile.

Elimu yangu haikunisaidia, ilinitesa. Mtu asiyejua angesema amerogwa, angetafuta wa kumlaumu, angelala. Mimi nilijua kwamba mtikisiko unaoanzia kidole gumba una mahali pake ubongoni, na kwamba pale mahali kuna kitu. Nilikuwa na uhakika ni uvimbe. Kila asubuhi kabla ya kutoka kitandani nilijipima: nagusanisha kidole gumba na kila kidole, nataja siku za wiki kinyumenyume, natabasamu gizani na kupapasa mdomo kama umeenda upande.

Nina binti, wakati ule alikuwa na miaka minne. Baba yake ni dereva wa lori linalokwenda Tunduma, kwa hiyo siku nyingi tunakuwa wawili. Niliacha kumbeba. Niliacha kupika kwa mkaa tukiwa peke yetu. Tulikula mikate na ndizi, na uji wa jirani. Nilimfundisha kwamba mama akilala chini ghafla, yeye atoke nje akamwite jirani, asiniguse. Alilichukulia kama mchezo. Jioni moja nilimkuta uani amelala chini, anatikisa mkono na kucheka, akimwambia mdoli wake, "Nenda kamwite jirani." Niliingia ndani nikafunga mlango nikalia.

Mara ya pili haikunifikisha chini. Nilikuwa namfunga binti yangu vifungo vya sweta, mkono ukaanza. Safari hii ulicheza tu, kama dakika mbili, kisha ukalegea ukaning'inia. Mtoto alikuwa ameushika. Hakutoka nje wala hakumwita mtu. Aliuliza, "Mama, mkono wako unalia?"

Siku hiyo hiyo nilimpigia mume wangu simu.

"Njoo unichukue," nilimwambia. "Nataka kwenda kupimwa kichwa Mbeya."

"Kichwa? Si uliniambia ni uchovu?"

"Nilikudanganya."

"Kesho asubuhi nitakuwa Ipogolo. Jiandae, mama watoto. Mtoto tutampeleka kwa bibi yake."

Safari nzima, Mafinga, Makambako, Chimala, hadi tunapanda kuingia Uyole, niliushikilia mkono wangu mapajani kama mzigo wa mtu mwingine.

Hospitali walinilaza kwenye kitanda cha mashine ya CT, kichwa kikaingizwa kwenye lile duara, nikaambiwa nisitikisike. Hilo lilikuwa jambo gumu kuliko yote, maana sikuweza tena kuahidi kwa niaba ya mwili wangu. Nilifumba macho nikauomba mkono unisitiri.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Aligeuza kioo cha kompyuta kutuelekea. Nilimshika mume wangu suruali.

"Si saratani," alisema kabla hatujaketi vizuri. "Niliona nianze na hilo." Kisha akaonyesha kwa kalamu. "Unaona hivi viduara vitatu vyeusi? Kila kimoja kina nukta nyeupe ndani. Hayo ni malengelenge. Ile nukta ni kichwa cha mdudu."

"Mdudu gani?" mume wangu aliuliza.

Lakini mimi nilikuwa nimeshajua. Kila mwaka nachora ubaoni tegu wa nguruwe, yule mnyoo bapa: mtu upande huu, nguruwe upande ule, mishale ikizunguka. Mtu anakula nyama isiyoiva, anapata tegu tumboni. Mayai yanatoka na choo, nguruwe anayala, malengelenge yanaota kwenye nyama yake. Kuna mshale mmoja mdogo unaotoka kwa mtu na kurudi kwa mtu. Huwa nausema haraka haraka, kengele ikikaribia, kwa sababu mara nyingi hauji kwenye mtihani.

"Mimi sili nyama ya nguruwe," nilisema. "Nimeacha tangu chuo."

"Haya hayakutokana na nyama," daktari alisema. "Yanatokana na mayai. Kuna mtu mwenye tegu tumboni, hakunawa vizuri, akashika chakula chako. Ulipoyameza yakapita kwenye damu yakafika kichwani. Nani anakupikia?"

"Najipikia mwenyewe."

"Ukienda likizo?"

Likizo zote nakwenda kwa mama.

Daktari alitaka tupimwe choo sote: mimi, mume wangu, mtoto, na mama. Mume wangu alikwenda kuwaleta. Mama alifika amevaa gauni lake la kanisani, ameshika kikopo cha maabara ndani ya mfuko wa nailoni, amekifunga mara tatu. Majibu yalitoka mchana. Sisi watatu hatukuwa na kitu. Mama alikuwa nacho.

Tulikaa kwenye benchi la nje, mimi na yeye. Nilimweleza kwa maneno mepesi nilivyoweza. Alisikiliza akitazama mikono yake.

"Viko kama tambi," alisema mwishowe.

"Nini, mama?"

"Vile vipande. Vyeupe, vifupi, vinajisogeza. Nilikuwa naviona chooni. Mwaka wa pili huu." Alifuta mdomo kwa ncha ya kitenge. "Niliona aibu, mwanangu. Ningemwambia nani? Ningemwambia mchungaji?"

"Hukujua."

"Na shangazi yako je?"

Nilikuwa sijafikiria hilo. Nguruwe wetu walizurura hadi nyuma ya choo siku zile, kila nyumba hivyo hivyo. Huenda shangazi alikuwa na malengelenge kama yangu, huenda alikuwa na kitu kingine. Hakuna aliyempima. Nilimwambia mama kwamba sijui, na ni kweli sijui.

"Tulimtenga," alisema. "Kumbe tulimwogopa yeye, na cha kuogopa kilikuwa kwenye mikono yetu."

"Hatujui, mama."

Alisogea hadi mwisho wa benchi. Nilipotaka kumshika, alificha mikono kwapani.

Mama alipewa dawa, akaimaliza. Kwangu haikuwa rahisi. Daktari alinieleza kwamba wadudu wale wakifa, ubongo huvimba kuwazunguka, na uvimbe huo ndio hatari. Kwa hiyo ningelazwa, ningeanza na dawa ya kuzuia uvimbe, kisha ya kuwaua, na ya kifafa ningeendelea nayo. Nilimuuliza ingekuwaje nikiwaacha walivyo.

"Watakufa wenyewe siku moja," alisema. "Lakini siku hiyo huenda ukawa barabarani, au jikoni. Afadhali wafe hapa, mimi nikiwa naona."

Alisema jikoni bila kujua alichokisema. Nilitia saini.

Siku ya tatu ya dawa, mchana, kichwa kiliuma kwa namna ambayo sijawahi kuiona. Nilihisi kama kuna mtu anasukuma jicho langu la kushoto kutoka ndani. Nikajua wanakufa. Nilijaribu kumwita nesi, jina la kitu nilichotaka kusema likapotea; nilitaka kusema "kichwa" nikasema "kikapu". Nilisema kikapu, kikapu, nikijisikia, nikijua si lenyewe, na mkono ukaanza. Nilidhani ndiyo mwisho. Sikuwaza mambo makubwa. Niliwaza kwamba sikumwachia mtu maelekezo ya sare za mtoto.

Nilizinduka, nesi akinisemesha, dripu imewekwa. Aliniuliza leo siku gani. Nikasema Alhamisi. Ilikuwa Jumatano, lakini lilikuwa neno zima, nikafurahi hadi nikalia.

Waliniruhusu wiki iliyofuata. Baada ya miezi sita nilirudi kupigwa picha tena. Malengelenge mawili yalikuwa yametoweka, la tatu lilikuwa limekauka na kubaki doa gumu jeupe. Daktari alisema doa hilo halitatoka, na huenda ndilo litakalonifanya nimeze vidonge kwa miaka mingi. Sijaanguka tena. Lakini mkono ukifa ganzi kwa sababu nimeulalia, moyo unanienda mbio hadi mkono uchangamke. Binti yangu ninambeba sasa, ingawa si karibu na jiko.

Mama aliwajengea nguruwe banda, akachimba choo kipya. Alipimwa tena mara mbili, akaambiwa hana kitu. Hata hivyo hakutaka kutupikia. Likizo ya Juni tulipokwenda, alimwajiri binti wa jirani atupikie, yeye akakaa kwenye kigoda mbali na masufuria, akimwelekeza kwa mdomo. Siku ya nne nilimwambia binti yule akapumzike.

"Mama, tupikie wewe," nilisema.

"Acha, mwanangu."

"Nina hamu na viazi vyako vya maharage."

Aliinuka kwenye kigoda. Kisha akanawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko, akaisuuza, akanawa tena, maji ya baridi ya Mbeya yakavifanya vidole vyake viwe vyekundu. Alipika. Alitupakulia, akabaki amesimama na upawa mkononi. Binti yangu alikuwa ameshaanza kula. Niliuangalia mkono wake mdogo ukienda mdomoni, nikataka kumpokonya sahani. Sikumpokonya. Nilichukua kiazi kimoja, cha moto, nikakiweka mdomoni nikiwa bado naogopa, na mama akavuta kigoda akakaa nasi.