Shaba kwenye Shingo ya Loreng

Mafuta ya taa yakimwagwa juu ya kutu hutoa harufu ambayo hadi leo hunipandisha joto usoni. Wengine hunusa mvua ya kwanza wakakumbuka utoto wao. Mimi hunusa mafuta ya taa na moshi wa kuni za mathenge, ule mti wa miiba uliotapakaa kwetu, nikajiona tena nyuma ya nyumba ya makumbusho pale Lodwar, mwaka wa 2012, nikiwa darasa la tano. Hapo ndipo liliposimama rola la mvuke, mashine ya kushindilia barabara iliyoachwa tangu enzi za wakoloni kwenye mchanga wa laga, yaani mto mkavu, kando ya njia ya Kakuma. Lilikaa huko hadi mbuzi wakaligeuza kivuli cha kulala mchana. Mwaka ule malori ya wachimbaji wa mafuta yalikuwa yakipita kila siku kwenda Lokichar, na dereva mmoja mwenye moyo mwema akakubali kulivuta mpaka mjini. Watu walicheka lilipofika. Lodwar haijapata kuona reli, lakini kwa kuwa lilikuwa na bomba la moshi na tumbo la kuwashia moto, watoto tukaliita gari la moshi, na jina likabaki.

Waliolifufua walikuwa watu wa kujitolea. Kiongozi wao alikuwa Mwalimu Ekal, aliyefundisha fizikia katika shule ya sekondari, na nyuma yake walikuwapo mafundi wa gereji na madereva wawili watatu ambao siku ya Jumamosi hawakuwa na la kufanya ila kupaka mikono grisi. Walisugua kutu kwa mchanga wa mto Turkwel, wakazibua mabomba ya boila, wakabishana kuliko walivyofanya kazi. Baba yangu alikuwa mlinzi wa makumbusho, nasi tuliishi katika chumba kilichokuwa langoni. Hakuajiriwa kushika spana, lakini alishika, kwa sababu hakuweza kuona watu wakinyanyua kitu kizito akabaki amekaa kwenye ekicholong, kile kigoda cha mzee wa Kiturkana ambacho usiku hugeuka mto wa kichwa.

Baba hakuzaliwa kuwa mlinzi. Alikuwa mfugaji, ukame ukamnyang'anya mifugo yote isipokuwa dume mmoja mwekundu, Loreng, mwenye pembe alizozipinda mwenyewe tangu zikiwa changa. Kwetu mwanamume huitwa kwa ng'ombe wake wa mapenzi, kwa hiyo mji mzima ulimwita Apaloreng, yaani baba wa Loreng, na jina la ubatizo likabaki la kanisani tu. Mjomba alimchunga Loreng ng'ambo ya mto, na baba akienda kumtazama alirudi akiimba. Kitu kimoja tu kilimuuma: kengele ya Loreng ilikuwa imepasuka, ikawa inakohoa badala ya kulia. Ng'ombe wa sifa asiye na kengele ni kama bwana harusi aliyevaa kandambili. Baba alilisema hilo mara nyingi, na mama alimjibu kwamba watoto nao hawana viatu na hakuna anayewaimbia.

Malual alikuja baadaye. Alikuwa mkimbizi kutoka Sudan Kusini, mrefu, mpole, mwenye mistari ya jando kwenye paji la uso, na aliishi kambini Kakuma pamoja na bintiye. Ujanani aliwahi kutia kuni na makaa kwenye gari la moshi la kwenda Wau. Mwalimu Ekal alipopata habari zake alimwombea kibali cha kutoka kambini, maana mkimbizi hasafiri hivi hivi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Malual hakungoja hata hiyo ya tatu. Alivua shati akaingia chini ya boila. Firimbi ya mvuke ndiyo aliyoipenda kuliko vyote. Juu yake palikuwa na kikombe cha shaba kilichofunikwa kifudifudi, na ndani yake ndimo mvuke hupiga kelele. Alikifungua, akakisugua kwa majivu siku nzima kikawa cha manjano kama kiini cha yai. Kisha akakining'iniza kwa uzi, akaniambia nikigonge kwa kijiko. Kililia kwa muda mrefu, sauti safi. Baba aliacha alichokuwa akifanya akageuka. Nilidhani amefurahi kama sisi.

Jumamosi iliyofuata, Malual akiwa amefunga mfuko wake arudi kambini, kikombe hakikuwapo. Walitafuta ndani ya ndoo, chini ya magunia, hata jikoni kwa mama. Kisha mmoja akakumbusha kwamba Kakuma kuna wanunuzi wa vyuma chakavu. Hakuna aliyesema zaidi, wala haikuhitajika. Mwalimu Ekal alimkaribia Malual kwa upole, na upole ule ndio unaonikera hadi leo. "Mzee, hatusemi ni wewe," alisema. "Lakini wewe ndiye uliyekuwa unaishika ile kitu. Tuone tu mfuko, roho zitulie." Malual aliwatazama mmoja mmoja. Akauweka mfuko chini, nao wakaukung'uta. Vikaanguka kipande cha sabuni, shati, na jozi ya viatu vyekundu alivyomnunulia bintiye. Sisi watoto tulikuwa tumejipanga ukutani tukitazama. Alipiga magoti akalikunja shati upya, polepole, akavirudisha vyote, akafunga zipu, akaondoka kuelekea stendi bila kuaga. Baba alikuwa amesimama langoni. Alimfungulia lango, akainamisha kichwa.

Kibali hakikuombwa tena. Mwanzoni mwa 2013, kaunti mpya ikitarajiwa na kila mtu akitaka kuonekana, waliamua kuliwasha rola hivyo hivyo, bila firimbi. Watu walijaa, hata wasichana wa darasani kwetu waliokuwa wakinicheka kwa kukaa langoni walikuja na sare zao safi. Nilijiona binti wa mtu mkubwa. Moto ulishika, boila likaanza kunguruma, moshi wa mathenge ukatuchoma macho. Ndipo ikasikika kengele.

Kiangazi kilikuwa kimekausha visima vya ng'ambo, na mjomba, ambaye hakujua lolote, alikuwa akileta ng'ombe wake kunywa karibu na mji. Wakakata kona ya makumbusho, Loreng mbele, pembe juu, na kila alipokanyaga shaba ile ililia shingoni mwake. Hapakuwa na haja ya kuuliza. Tuliokisikia kikombe kile kikigongwa kwa kijiko tuliijua sauti yake kama sauti ya jirani. Kikulacho ki nguoni mwako. Mafundi walimgeukia baba, kisha kwa sababu nisiyoijua wakanigeukia mimi. Wasichana walianza kunong'ona. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Rola lilitikisika, likasogea mbele hatua zake za kwanza, na hakuna aliyelipigia makofi.

Baba hakukana. Alisema alikiona kikombe kile kimelala juu ya gunia, sehemu ya mashine iliyokufa zamani, na Loreng yuko hai. Kwa akili yake kengele ni ya shingo ya ng'ombe. Hakufikiri kuna chuma kinachoweza kuidai. Alikusudia kusema Jumamosi ile, lakini mfuko ukakung'utwa kabla hajafungua mdomo, na kila siku iliyopita mdomo ukazidi kuwa mzito. Mama alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Ng'ombe ameoa shaba ya mtu, sasa peleka mahari." Baba hakulala. Asubuhi alimpakia Loreng kwenye lori la mifugo, nami nikapelekwa pamoja naye kwa sababu mama alisema hamwamini aende peke yake asije akashukia njiani.

Kakuma tulimkuta Malual nje ya nyumba yake ya matope akitengeneza kiti. Bintiye alikuwa mrefu kunishinda, amevaa vile viatu vyekundu. Malual alimwona ng'ombe kabla ya kutuona sisi. Alinyanyuka, akamzunguka, akapitisha kiganja kwenye pembe kama mtu aliye kanisani. Baba alisimama kwenye jua kali.

"Mimi ndio nilichukua hii kitu," alisema. "Si wewe. Chukua ng'ombe."

Malual alifungua kamba taratibu, akakitoa kikombe, akakifuta kwa shati lake. "Baba yangu aliniita Malual," alisema. "Ni dume mwekundu, kama huyu. Hata kwetu tunafunga kengele. Ungeniambia tu, ndugu yangu. Maganda ya risasi iko mingi, ningekutengenezea." Akanipa kikombe mikononi, kikiwa bado na joto la shingo. "Ng'ombe rudi naye. Mimi ile siku sikulilia shaba. Walimwaga mfuko yangu mbele ya watoto. Hiyo nani atakuja kukunja?"

Tulipewa chai, tukainywa tukitazama chini, tukarudi na Loreng akiwa kimya. Tangu siku hiyo baba hakuitika tena alipoitwa Apaloreng. Watu wa mji ni wepesi wa kusahau, walizoea kumwita mlinzi, na Loreng alikufa kwa uzee bila kengele nyingine. Maji yakimwagika hayazoleki.

Sasa mimi ni mtu mzima, na Jumamosi ninajitolea pale pale, kuwatembeza wanafunzi. Lodwar ina lami na taa, na wazee waliokuwa wakicheka rola sasa hupiga nalo picha. Firimbi imerudi mahali pake. Likiwashwa siku za sikukuu husikika hadi ng'ambo ya mto, na baba, popote alipo, huingia ndani. Kwa miaka mingi niliona haya kwa ajili yake, nikaandika jina lake kwenye fomu kama mtu anayeficha kiraka. Kadiri ninavyokua ndivyo haya hiyo inavyohama, ikamwacha yeye na kutushika sisi wengine. Mikono iliyokung'uta mfuko ilikuwa mingi, na kati ya watu wazima wote waliokuwapo, aliyekwenda Kakuma kuomba radhi ni mwizi peke yake.

Mwezi uliopita nilikuwa nikiwasimulia watoto wa shule, Mwalimu Ekal, sasa mstaafu, amekaa kivulini akisikiliza. Nilitaja waliolifufua rola, nikamtaja Malual aliyeisugua firimbi. Msichana mmoja wa mbele akauliza kama mzee huyo alirudi kulisikia likilia. Mwalimu alikohoa, akaanza kufuta miwani yake.

"Hapana," nilimjibu. "Hatukumwita."