Maboya Yasiyotakiwa Kuchafuka

Nilikuwa nikisubiri tiketi ya basi la Iringa katika ofisi moja ya usafiri mjini Mbeya. Mbele yangu mama mmoja na watoto wake watatu walikuwa wakipanga likizo yao ya kwanza ya boti, siku mbili Ziwa Nyasa.

“Maboya ya kuvaa yapo?” mama aliuliza.

“Yapo, mama yangu, tena mapya,” karani alijibu. “Tumeyafungia stoo. Abiria wakiyavaa yanachafuka, na mkaguzi akija anataka kuyakuta safi.”

“Na boti ikizama?”

“Mama naye. Safari haijaanza, unatuletea uchuro.”

Foleni nzima ilicheka. Mama naye akacheka kidogo, akaanza kuandika majina ya watoto kwenye fomu.

Niliweka kiganja juu ya fomu ile. Nikamwambia kwamba mke wangu alizama katika ziwa hilohilo, na maboya ya boti yake nilionyeshwa baada ya mazishi. Yalikuwa stoo, bado yamo kwenye nailoni.

Mama aliwashika watoto mikono, wakatoka.

“Mzee, umenifukuzia wateja,” karani alisema.

Ni kweli. Nimemfukuzia wanne, na wote wanne wako hai.