Kitanda Kilichokwenda Khwisero

Cornelius Amukoya alikuwa na mwandiko mzuri, na mwandiko huo ndio uliomtia mashakani. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa karani wa ofisi ya afya ya kanisa moja mjini Kakamega. Hakuwahi kupoteza faili, wala hakukosa kazini ila siku aliyomzika babake. Wenzake walimtania kwamba hata orodha ya sabuni akiiandika yeye hugeuka mwaliko wa harusi. Kwa hiyo mwaka 1995, waumini wa Uholanzi walipolitumia kanisa gari la msaada, fomu za forodha aliletewa yeye.

Fomu iliuliza gari ni la aina gani. Kamati ilikuwa imekwisha kukata shauri kwamba litakuwa kliniki ya kutembea, na Cornelius hakuona la kufikiria zaidi. Jembe ni jembe kwa kuwa linalima. Gari litakalobeba chanjo na muuguzi lingeitwaje? Aliandika, kwa herufi zilizosimama wima: kliniki ya kutembea. Akatia sahihi. Kwa maneno hayo matatu gari likapita Mombasa kwa ushuru mdogo.

Lilipofika Kakamega, walifungua mlango wa nyuma wakakuta nyumba. Kulikuwa na jiko la gesi, sinki, mapazia ya maua na kitanda cha watu wawili.

"Karani," alisema Teresa, muuguzi, huku akicheka, "hii ni kliniki ama ni hoteli?"

Fundi aling'oa vyote kwa siku mbili, akaweka kochi la kupimia wagonjwa na kabati la dawa. Jiko na sinki vilikwenda jikoni kwa kanisa. Kitanda kilikuwa kizuri mno kutupwa, Cornelius akampelekea mkewe, Selpher. Na Selpher, bila kumuuliza, akakipeleka kwao Khwisero, kwa mamake, Mama Rasoa, aliyekuwa akilia mgongo tangu msimu wa kupanda.

Cornelius alipopata habari hizo, alilirudisha tonge la ugali sahanini. Kwao mwanamume hamshiki mkono mama mkwe wake. Hali naye meza moja, na chumba anacholala hakitupii hata jicho. Sasa yeye alikuwa amempa kitanda.

"Anajua kimetoka kwangu?"

"Nimemwambia ni cha kanisa."

"Basi kibaki cha kanisa mpaka tuzikwe."

Miaka miwili ilipita. Kila Alhamisi gari lilikwenda Mayoni, na akina mama walilingoja na watoto mgongoni kando ya mashamba ya miwa. Cornelius alikuwa ameanza kusahau. Ndipo Jumanne moja asubuhi akaingia ofisini mwanamke mrefu aliyevaa sweta la buluu, mkoba kwapani, akasema anaitwa Jepkorir, afisa wa forodha kutoka Kisumu. Walikuwa wakipitia upya faili za magari ya msaada.

Aliweka mezani karatasi mbili. Moja ilikuwa barua ya Uholanzi, iliyoliita gari hilo gari-nyumba. Ya pili ilikuwa fomu. Cornelius aliutambua mwandiko wake kama mtu anavyoutambua uso wake kwenye maji.

"Hii sahihi ni yako?"

"Ni yangu, madam. Lakini gari linafanya kazi ya kliniki. Uliza mtu yeyote."

"Nimeuliza. Watu wanalisifu." Jepkorir hakuinua sauti. "Lakini kitabu cha ushuru hakiulizi linafanya nini leo. Kinauliza lilikuwaje siku liliposhushwa melini. Ndani mlikuwa na nini?"

Cornelius alikumbuka karani mmoja wa Mumias aliyefungwa kwa hati ya uongo, na jinsi watoto wake walivyoacha kucheza na wenzao. Alikuwa na watoto watano.

"Vitu vidogo vidogo. Jiko, sinki."

"Nimeviona jikoni kwenu. Na kitanda?"

"Kitanda... kilichomwa. Mchwa walikuwa wamekila."

"Mchwa wa Uholanzi?"

Jepkorir aliandika mistari michache, akaigeuza karatasi imwelekee. "Basi tia sahihi hapa, kwamba kitanda kilichomwa."

Alishika kalamu. Ile fomu ya kwanza aliitia sahihi bila hofu kwa sababu aliamini alichoandika. Hii hakuiamini, na kalamu ikasimama juu ya karatasi hata wino ukadondoka doa. Akilini aliiona selo ya gereza. Akaona pia jinsi Jepkorir alivyokuwa akingoja bila haraka, kama mtu anayejua tayari.

"Madam," alisema, akiiweka kalamu chini, "kitanda kipo. Kiko Khwisero."

Walikwenda kwa lile gari lenyewe, Weldon dereva kwenye usukani. Njia nzima Cornelius alijaribu kuomba, akasahau maneno. Walipofika kwenye boma la Mama Rasoa alishuka, akaganda kwenye ua wa michongoma.

"Ingia unionyeshe," Jepkorir alisema.

"Siwezi."

"Unaficha nini tena?"

"Ni chumba cha mama mkwe wangu." Alisema akitazama viatu vyake. "Hajui kitanda ni changu."

"Hata kwetu kuna miiko," Jepkorir alisema polepole. "Kaa hapo."

Kutoka ndani ilisikika sauti ya Mama Rasoa. "Mnatafuta nini kwa malazi yangu? Mimi nalalanga hapo na mgongo yangu inanyamaza!" Kisha ikasikika nyundo ikigonga chuma.

Weldon na kijana wa jirani walikitoa kitanda nje, juani.

"Jameni! Kitanda ya mtu inatolewanga nje akikufa!" Mama Rasoa alikuwa mlangoni, mkono kiunoni. "Mimi nimekufa lini?"

Cornelius aligeuka upesi akatazama barabara. Nyuma yake alimsikia Jepkorir akisoma kwa sauti nambari iliyogongwa kwenye chuma cha kitanda, ileile ya gari, na akihesabu matundu manne ya bolti.

"Kilifungwa kwenye bodi ya gari," alisema. "Ni gari-nyumba, hakuna ubishi."

"Na huyo aliyesimama hapo na watu wa serikali," aliuliza Mama Rasoa, "si ni bwana ya Selpher? Anaogopa nini?" Kisha akamuuliza Jepkorir: "Mama, hii kitanda ilitoka kwa nani?"

Jepkorir hakujibu, na kutojibu kwake kulitosha. Cornelius alisikia leso ikivutwa kwa aibu, nyayo zikirudi ndani, na komeo likisukumwa.

Jepkorir alimjia uani. "Gari litalala Kisumu mpaka kanisa limalize ushuru uliobaki. Wewe nitaandika kwamba ulikosea, kisha ukajisahihisha mwenyewe. Kama ungetia ile sahihi ya pili ningerudi na askari. Lakini bosi wangu ndiye wa kuamua, usije ukalala fofofo."

"Na akina mama wa Mayoni, Alhamisi?"

"Muuguzi wenu atapanda baiskeli."

Kitanda kilikuwa kielelezo cha ushahidi, kwa hiyo kilipakiwa. Ndani ya gari hakukuwa na nafasi nyingine, Cornelius akaketi kwenye kiti kidogo, kitanda cha mama mkwe wake kikimgusa mabega kila gari lilipoingia shimoni. Alikaza macho kwenye kisogo cha Weldon. Selo ilikuwa imesogea mbali kidogo. Kabla ya jioni Selpher angekuwa amepata habari kutoka kwao, na angekuwa amekaa sebuleni akimngoja aeleze aibu ya mamake. Kati ya Kisumu na nyumbani kwake, hakujua aogope wapi kwanza.