Fundi Anayejifunza Kushona Vinavyoachana

Jua bado halijafika kwenye mabati, na fundi cherehani anavuta utepe mnene wa kitambaa kwa nguvu zake zote.

“Achia, we mkaidi!”

Vifungo vya kubonyeza vinalia *ta!* Utepe unaachia. Anacheka peke yake.

Tepe hizo ni kromosomu za kufundishia. Mwalimu wa biolojia aliziagiza ili wanafunzi waone seli inavyogawanyika kutengeneza seli za uzazi. Nyekundu za mama, buluu za baba. Ndefu jozi moja, fupi jozi moja, kila utepe umebanwa pamoja na nakala yake.

Za kwanza alizipiga mishono miwili, kama mifuko ya makoti ya wapakiaji. Wanafunzi walivuta, zikagoma kuachia, mpaka mwalimu aliyewasaidia akaketi sakafuni.

“Mama, hizi hata talaka haziwezi!” mwalimu alimwambia.

“Mwalimu, maisha yangu yote nashona kitu kisiachane.”

Leo anajaribu tena. Zikigoma, mwalimu atarudi kuchora kwa chaki, na binti wa fundi, aliye darasa hilohilo, atataniwa hadi amalize shule.

Jana binti alimwelekeza mezani. “Jozi zinakutana, zinabadilishana vipande vya ncha, zinaachana. Halafu kila utepe unaachana na nakala yake. Mwisho seli nne, kila moja na nusu tu ya kromosomu.”

“Na hazifanani?”

“Ndiyo maana mimi na kaka hatufanani.”

Fundi alipapasa utepe wa buluu. Buluu ile ameikata kwenye ovaroli ya marehemu mumewe.

“Kaka yako kachukua mwanya wa baba yenu,” alisema. “Wewe, pole, umebeba masikio yake.”

“Mama!”

Saa tatu anasimama dirishani mwa darasa, mkoba kifuani. Wanafunzi wanavuta. *Ta!* Wanavuta tena. *Ta!* Vikapu vinne vya kuwakilisha seli vinapata tepe zake, kila kimoja kina utepe mrefu mmoja na mfupi mmoja, nyekundu imeingia kwenye buluu.

“Nani kashona?” anauliza mmoja.

“Mama yangu,” binti anajibu, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Mwalimu anatoka akipangusa chaki mikononi. Anataka seti ya darasa jirani, na yai kubwa kama mto wa kulalia, mbegu ya baba ipate pa kuingia.

“Mlango niuweke upande gani?” fundi anauliza.

“Yai halina mlango, mama.”

Fundi anakuna kichwa, anatabasamu. “Basi nipe wiki moja. Mlango nitautafuta.”