Picha za Harusi Kwenye Sahani ya Senene

Jamani, mwenzenu nimeaibika ukweni, hapo Nshamba. Mguu ulimzuia mama mkwe kwenda harusi ya binti yake mdogo, kwa hiyo alizisubiri kwa hamu picha nilizopiga.

Shemeji akanichokoza: "Simu za siku hizi hazina hata pa kuweka memori kadi. Hiyo yako ya kizee!"

Shule niliikimbia, ubishi sikuuacha. Nikaichomoa kadi. "Simu ikifa, shemeji, picha zote ziko salama humu!"

Nikaiweka ukingoni mwa sahani ya senene, wale panzi wa kukaanga, nikaendelea kubishana huku nachota na kutafuna. Mara, senene gani mgumu hivi? Nikatema kiganjani. Nusu kadi.

Mama mkwe akanitazama. "Basi, mkwe wangu, nisimulie harusi kwa mdomo huohuo."