Bonge la Damu Baada ya Msiba wa Agneta

Ndugu zangu, mtanisamehe nikizungumza nimekaa. Mguu huu wa kushoto haupendi kusimama mahali pamoja.

Mimi ni mkulima wa kahawa na mahindi huku Mbuji. Kabla ya kuugua nilikuwa na nguvu. Nilichimba ngoro, yale mashimo yetu ya kulimia mlimani, kuwashinda wanawake wengi wa rika langu. Na kwenye jumuiya, mtu akifiwa, niliitwa mimi kuongoza sala na kumfariji.

Halafu nikafiwa mimi. Binti yetu Agneta, mwalimu wa shule ya msingi kule Lituhi, alishikwa na homa kali, akafariki kabla hatujateremka kumwona. Tukampandisha, tukamzika hapa nyumbani. Hatukuwa na mtoto mwingine.

Sikulia. Watu waliingia wakiniangalia, nami nikawaza, nikilia mimi, nani atawaongoza? Nilikaa mkekani kutwa, miguu nimeinyoosha. Chakula hakikushuka, maji nilionja tu. Usingizi ukanikimbia. Hata nikijilaza, moyo ulidunda kama wa mtu aliyekurupushwa.

Matanga yalipoisha, mguu wa kushoto ukavimba. Nyama ya nyuma, chini ya goti, ikawa ngumu na ya moto. Mdogo wake mume wangu akauangalia, akasema, "Shemeji, hapa umekanyaga kitu." Wakanikanda kwa maji ya moto, nami nikauma meno.

Asubuhi moja nikienda jikoni, ubavu ukanichoma kama nimedungwa mkuki. Pumzi ikakata. Nikakohoa, nikaona damu kiganjani. Baba Agneta, mume wangu, akakimbia kutafuta gari, wakanipeleka hospitali.

Daktari alikuwa mwanamke kijana. "Shikamoo, mama," akasema. Baada ya vipimo akatueleza, "Damu imeganda kwenye mshipa wa mguu, na kipande kimesafiri hadi kwenye mapafu." Akauliza nyumbani kumetokea nini. Baba Agneta akamsimulia.

"Poleni sana. Kukaa kutwa bila kutembea wala kunywa maji kumechangia," akasema daktari. "Na huzuni nayo inaweza kuwa imechangia. Mishipa ya fahamu ndiyo inayoiambia mishipa ya damu ibane au ilegee. Mtu akiishi kwenye mshtuko, mishipa inabana, damu inaganda upesi, na mwili unachelewa kuyeyusha mabonge."

Nikauliza, "Hizi sindano mnazonichoma tumboni zitaliyeyusha hilo bonge?"

"Hapana, mama. Dawa inazuia bonge lisikue. Kuliyeyusha ni kazi ya mwili wako mwenyewe. Ndiyo maana nataka upumzike kweli, siyo kulala macho wazi."

Sindano ziliniacha na madoa meusi tumboni. Na niseme ukweli: nilitamani mwili usiifanye kazi hiyo. Uyeyushe ili iweje, na Agneta hayupo?

Baba Agneta ni mtu wa maneno machache. Akasogeza kiti, akasema, "Mama Agneta, tangu tumzike mwanetu sina mtu wa kulia naye. Na wewe ukiondoka, nitabaki na nani?"

Hapo nikalia. Nililia mpaka mrija wa oksijeni ukachomoka puani. Nesi akaja akaurudisha, wala hakuninyamazisha. Kisha nikalala usingizi mzito, wa kwanza tangu msiba.

Sikupona siku hiyo. Nilimeza vidonge kwa miezi mingi, nikipimwa damu, fizi zikivuja nikipiga mswaki. Pumzi ilirudi polepole. Ngoro sichimbi tena. Jioni mguu hujaa, navaa soksi ya kubana.

Namshukuru Mungu, namshukuru yule daktari, namshukuru mume wangu. Nanyi nawaomba: mguu mmoja ukivimba na kuuma, msiukande, nendeni hospitali. Kifua kikichoma na pumzi ikakata, msingoje kesho. Na mfiwa msimwache mkekani kutwa. Mpeni maji, mwinueni atembee kidogo, na akilia mwacheni alie.

Mimi daktari aliniagiza nitembee kila siku. Sikuwa na mahali nilipotaka kwenda ila kaburini kwa Agneta, juu ya shamba la kahawa. Baba Agneta akawa ananishika mkono. Mwanzoni tulisimama kila mara nitafute pumzi. Sasa tunapanda moja kwa moja. Tukifika tunang'oa majani, tunakaa, tunamlilia mtoto wetu. Kisha tunateremka kupika.